Mahari ya Vitufe Kumi na Sita

Bagamoyo
3 Agosti 2025

Kwako Twalha,

Assalaam alaykum. Mimi ni mzima, nimesingwa mwili mzima kwa liwa asubuhi na chumba kizima kinanukia harusi. Simu yangu iko kabatini kwa Bi Mwanvita, chini ya khanga zake, kwa hiyo usihangaike kupiga. Wenzangu siku hizi huwekwa ndani wiki moja, wengine hata hawawekwi; mimi nimepata yeye awe somo wangu, kungwi wa kizamani, amesema sauti yako nisiisikie mpaka siku ya nikaha. Nikamuuliza, nikimwandikia je? Akafikiri, akasema karatasi haina sauti, haivunji mwiko. Basi barua hii anakuletea Shufaa, yule mama anayekuja huko kwenu kununua kamba wakavu. Nijibu kwa mkono wake akirudi.

Jana baba aliniita akaniuliza nataka mahari gani. Kumbe wazee wako walipokuja kuposa walisema binti ataje mwenyewe. Shangazi zangu walikuwa wamekaa pale wananitazama mikono, wanapima bangili. Nikasema naomba nifikiri kidogo. Uongo, nilishafikiri zamani. Nataka sampla.

Usicheke. Sampla ni mashine ya kuokota sauti. Unaipa sauti yoyote, mlango, kikohozi, kanda ya harusi ya bibi, nayo inaishika. Unaikata vipande, kila kipande unakipa kitufe chake, kisha unavipiga kwa vidole mpaka vinakubali kukaa pamoja na kuwa biti. Ile biti yangu uliyoisikia kwa fundi simu niliitengeneza kwenye simu, kwa kidole gumba, huku shangazi wanapiga na kuikata katikati. Nimechoka. Nataka kitu ambacho hakuna mtu anayeweza kukipigia.

Sasa ipi? Hiyo ndiyo ndoto yangu ya mchana. Dar kuna prodyuza anaacha kazi, anauza yake kuukuu, kubwa, ya kijivu, ya kuchomekwa ukutani. Niliwahi kuigusa nilipokwenda kwa binamu yangu. Inashika sauti fupi tu, lakini sauti ikiingia mle inatoka nzito, ina vumbi kidogo, kama nguo iliyokaa sandukuni. Kuna mpya yenye kioo kipana, inafanya kila kitu, na mimi naogopa kitu kinachofanya kila kitu. Nitakuwa natazama kioo badala ya kusikiliza. Kuna zile za ngoma peke yake, zimezaliwa na ngoma zao ndani na huzifundishi neno jipya. Na kuna ndogo ya betri, ya vitufe kumi na sita, unaibeba kwa mkono mmoja. Hiyo naiona ya kitoto. Moyo wangu uko kwa ile ya kijivu.

Huku ndani muda hauendi, umelala nami kitandani. Naisikia nyumba: mtu anakuna nazi, anapumzika, anakuna. Maji yanamiminwa mahali nisipopaona. Vidole vyangu vinapiga godoro vyenyewe, na Bi Mwanvita ananigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Nasrin


Saadani
9 Agosti 2025

Nasrin,

Waalaykum salaam. Barua yako imefika inanuka kamba. Nimeisoma nimekaa ndani ya gari la wageni, wenyewe wanapiga picha twiga, na twiga naye ametulia anawatazama. Nikaisoma tena. Wageni waliporudi garini waliniuliza mbona nacheka, nikawaambia ni twiga.

Sampla utapata. Mahari ni yako, si yangu wala ya shangazi zako. Siku ile kwa fundi nilipeleka simu ibadilishwe kioo. Kioo kikawa tayari, nikalipa, nikabaki nimekaa. Fundi akaniuliza, kaka, unangoja nini tena? Nilikuwa nangoja biti aliyokuwa anaipiga irudie pale mwanzo. Kuna mlio mmoja mle kama mtu anakung'uta shuka, mpaka leo nikiona shuka kwenye kamba nakukumbuka. Ndipo nikauliza biti ni ya nani, akasema ya binti wa Mzee Mohamedi, lakini usiulize zaidi. Nikauliza zaidi.

Sasa na mimi nina swali. Hiyo ya kijivu inachomekwa ukutani. Nyumba niliyopewa hapa hifadhini ina sola. Inawasha taa, inachaji simu, basi. Wewe hilo unalijua, nilikwambia siku ile tulipokaa barazani kwenu na baba yako akajifanya anasoma gazeti. Nimejiuliza: mtu anayehamia Saadani anachaguaje mashine isiyowaka Saadani? Labda haji. Labda nitakuwa mume wa kuja Bagamoyo mwisho wa mwezi na ndoo ya samaki. Kama ndivyo niambie sasa. Nitaumia, lakini heri niumie ningali najua.

Hapa asubuhi ngiri wanapita mbele ya mlango na watoto wao kama wanakwenda shule. Baada yao panakuwa kimya, lakini ni kimya chenye vitu vingi ndani. Sijui kukieleza. Ningependa usikie.

Twalha


Bagamoyo
14 Agosti 2025

Kwako Twalha,

Swali lako lilinikosesha chakula cha mchana, na kilikuwa pilau.

Sikukudanganya. Lakini nilipochagua ile ya kijivu nilijiona nayo kwenye chumba hiki hiki, meza hii, dirisha hili, kana kwamba harusi itapita tu nje barabarani na matarumbeta yake, mimi nichungulie kisha nirudi kazini. Nilitaka kuolewa na kubaki. Ndiyo, naogopa. Naogopa nitafika kwenu niwe mke wa Twalha tu, anayejua kupika au hajui, na hakuna atakayekumbuka kwamba nilikuwa na kitu changu. Mama yako sijamwona ila mara moja, alinishika kidevu akasema "mwembamba", akaenda zake.

Kwa hiyo ile ya kijivu nimeifumbia macho na nimechagua upya. Ile ndogo ya betri. Nimejilaza hapa siku nzima nikiisifu ili niipende. Haina kioo cha kunidanganya. Inarekodi popote, hata juu ya mchanga. Ina vitufe kumi na sita vya mpira, na mtu mwenye vidole kumi atataka nini zaidi? Saa ya alasiri nilishaanza kuipenda kweli. Niliota nimeiweka mapajani, niko mahali penye mwanga mwingi, nabonyeza kitufe na kinatoka kile kimya chako chenye vitu.

Mwambie mama yako ninakuja. Na umwambie ninakuja na nini.

Nimeshamtajia baba. Akauliza, "Hiyo inauzwa wapi?" Basi. Baba yangu ni mfanyabiashara.

Nasrin


Saadani
23 Agosti 2025

Nasrin mchumba wangu,

Nimeipata. Nilichukua ruhusa, nikashuka Kariakoo, nikazunguka mpaka miguu ikakataa. Muuzaji alinionyesha kwanza ile ya kioo kipana akaniambia, kaka, mwanamke akikuomba ndogo anataka kubwa. Nikamwambia huyu wangu akisema ndogo ni ndogo.

Sasa sikiliza balaa. Kwenye basi la kurudi sikuweza kuvumilia, nikaweka betri, nikawasha. Nikabonyeza kitufe cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Nikabonyeza vyote, Nasrin, vyote! Wanasema debe tupu haliachi kuvuma. Hili tupu na halivumi. Jasho likanitoka. Nilishuka Chalinze, nikarudi Kariakoo na hasira zangu, nikamwambia umeniuzia kopo. Yule kijana alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, bro, hii inakuja tupu. Mwenyewe ndiye anaijaza.

Mbona hukuniambia? Kwetu, jirani akikuletea mchuzi, bakuli lake halirudi kavu. Hata kama huna kitu unatia chumvi, unatia ndimu mbili. Nami nipeleke ukweni chombo kitupu, tena cha mahari? Nimeona haya mbele ya mashine. Nimeamua nitaijaza mimi. Muuzaji alinifundisha: shika hapa, bonyeza hapa, achia. Kila nikitoka kazini nazunguka nayo shingoni kwa kamba, watu wanadhani nimepewa kifaa kipya cha kuhesabia nyani.

Mama mzima, anakusalimu sana. Yuko radhi na kila kitu.

Twalha


Bagamoyo
28 Agosti 2025

Twalha,

Nilipofika pale ulipobonyeza vyote kwenye basi nilicheka mpaka Bi Mwanvita akaja na glasi ya maji. Chombo kitupu! Utupu wake ndio nilioupenda, we Twalha. Nikasema moyoni, mtu huyu nitaishi naye. Nikakunja barua nikaiweka chini ya mto.

Kisha Shufaa, akiwa bado anakunywa chai yake, akaniambia, "Hongera mwanangu, Saadani nzima inasema unaletewa cherehani. Ya umeme. Mama mkwe wako keshanunua na vitambaa."

Cherehani.

Nikamwambia labda ni ya mtu mwingine. Akasema hapana, mama yako Bi Tatu mwenyewe amemwambia, na Twalha kasimama pale pale anakubali kwa kichwa. Na kwamba kwenye karatasi iliyopelekwa kwa shehe msikitini kwetu imeandikwa hivyo hivyo: cherehani moja.

"Yuko radhi na kila kitu." Njia ya mwongo ni fupi, Twalha, yako imeishia kwenye kikombe cha chai cha Shufaa.

Sikuulizi kwa nini. Najua. Unaona haya. Unawaona wanaume wa mji huu wamekaa safu kwa safu na kofia zao, na shehe anasoma, na wao wanageukiana. Basi nisikilize na mimi. Katika harusi hii nguo amechagua shangazi, chakula amechagua mama, siku mmechagua nyinyi wanaume. Hata namna ya kukaa nafundishwa. Kitu kimoja tu ni changu kukitaja, na Mungu ndiye aliyenipa, si baba. Wewe umekichukua ukakibadilisha jina ili kisikuaibishe.

Unajua desturi. Shehe atakuja mlangoni pangu na baba na mashahidi, atanitajia jina lako na mahari yako, ataniuliza kama nimeridhia. Bi Mwanvita kanifundisha ninyamaze mara ya kwanza, ninyamaze mara ya pili, maana kimya cha mwanamwali ni ndiyo. Ikisomwa cherehani nitanyamaza, Twalha. Nitanyamaza mara ya kwanza na ya pili na ya tatu, na kabla hawajaondoka mlangoni nitawaambia kimya hicho si ndiyo.

Nasrin binti Mohamedi


Saadani
31 Agosti 2025

Nasrin,

Mashine hii hapa. Nimempa Shufaa nikamwapisha. Sitaki ikae kwangu hata siku moja zaidi, ni yako, iwe umekuja au hukuja.

Ni kweli. Mama aliniuliza binti ametaja nini. Nikafungua mdomo niseme, nikamwona alivyokaa, ameshajitayarisha kusikia dhahabu ili ahangaike nayo. Ulimi ukatafuta kitu cha kike, kitu cha heshima, kikatoka hicho. Kufumba na kufumbua kikawa na vitambaa. Baba yangu Mzee Haji angekuwa hai angenichapa. Halafu wazee wakaja na karatasi, mimi nikakubali kwa kichwa, kama ulivyosikia.

Umesema naona haya. Ndiyo. Nyinyi watu wa mjini mna ulimi. Nilipokuja kuposa nilisikia mmoja barazani kwenu akisema "wavuvi wamefika", na mimi hata mtumbwi sijui kupiga kasia. Nikasema wakisikia kisanduku cha muziki watapata wimbo wa mwaka mzima. Sikufikiri kwamba ninakuuza wewe kununua kicheko chao.

Sijui nitafanya nini. Sitaki kukuandikia ahadi halafu nishindwe. Nimeijaza mashine kama nilivyoweza. Sauti si nzuri, upepo ni mwingi. Kitufe cha tatu ni mama yangu anafukuza kunguru kwenye samaki, usimwambie.

Twalha


Bagamoyo
5 Septemba 2025

Twalha,

Bi Mwanvita aliishika mashine, akainusa, akaniuliza kama ina sauti yako ndani. Nikasema sijui. Akasema basi sikiliza kwa sauti ya chini, mimi naswali. Akaswali sala ndefu kuliko zote nilizowahi kumwona akiswali.

Nimekusikiliza siku nne. Upepo wako ni mbaya kweli. Chumvi inakorogwa kwa koleo. Mtu anapigilia misumari, anaacha, anapigilia. Kitu kizito kinatembea majini na sitaki kujua ni nini, kwa sababu wewe ulisimama karibu nacho. Kunguru wa mama yako wametukanwa matusi ambayo sikuyajua, na nina miaka ishirini na sita.

Lakini iko sauti moja hukukusudia kuirekodi. Kila kitufe, chini kabisa, kuna pumzi. Unasogea karibu na kitu, unabonyeza, unangoja, na unapumua. Penye chumvi unapumua polepole. Penye lile zito majini hupumui kabisa, kisha unaachia yote kwa pamoja. Nimekuona mara tatu tu maishani mwangu, na baba kashika gazeti. Sasa nimelala na pumzi yako sikioni na nje wanapaka chokaa ukuta kwa ajili ya harusi yetu. Nimeikata pumzi ile, nimeiweka peke yake kwenye kitufe. Nimeipangia mwendo. Imekuwa biti, Twalha. Haina ngoma hata moja na inatembea. Nikiisikiliza nasahau niko nyumba gani, nasahau hata kama nina hasira.

Nimekupenda. Nakuandikia wazi ili usije ukasema hukujua.

Lakini biti ikiisha ninakumbuka, na swali langu liko pale pale. Ijumaa inakuja. Kitasomwa nini mlangoni?

Nasrin


Saadani
9 Septemba 2025

Kwa mwanangu Nasrin,

Anayesema ni mimi Tatu, mama yake Twalha. Anayeandika ni Shufaa, mkono wake mbaya, vumilia. Salamu zangu kwako na kwa wazazi wako.

Mwanangu Twalha amekuja kukaa mbele yangu jana, ameshika goti langu kama mtoto aliyevunja sahani. Ameniambia hakuna cherehani. Nikamuuliza, vitambaa hivi nivae kichwani? Nilikasirika sana, na bado nimekasirika. Si kwa hiyo mashine yako, mashine sijaijua bado. Ni kwa kuwa mtoto wangu mwenyewe alinitazama usoni akaona mama huyu hawezi kuambiwa ukweli.

Sitakuficha, niliposikia ni kisanduku cha vifungo roho ilinishuka. Sisi watu wa huku tunanuka samaki, tunajua mnavyotusema. Nilitaka kikisomwa kitu cha mwanangu wazee wa kwenu wanyamaze. Mwanamke anayefukuza kunguru tangu alfajiri naye ana siku moja anayotaka kusimama wima.

Halafu nikakumbuka nikaha yangu. Walikuja mlangoni, wakasema "kwa mahari waliyokubaliana". Ndivyo walivyosema, basi. Waliokubaliana ni wajomba. Mimi niliitika. Marehemu Haji alikuwa mtu mwema, sikumuuliza nisije nikamwumiza, na wajomba wamekufa. Mpaka leo sijui niliolewa kwa nini.

Nakuja Bagamoyo mwenyewe Alhamisi. Sijakuambia nimekubali na sijakuambia nimekataa. Nitazungumza na mwanangu njiani. Shufaa ameniambia pia kwamba nimo humo ndani ya mashine yako nikisema na kunguru. Hiyo ifute. Ukiwa na adabu utaifuta.

Mama yako,
Tatu binti Mgeni


Bagamoyo
16 Septemba 2025

Saadani, kwa Twalha,

Ulivyoondoka haraka! Wageni wako wa Jumamosi wangeweza kuangalia tembo peke yao. Hatukupata hata nafasi ya kuambiana siku ilivyokwenda, kila mmoja alikuwa upande wake wa ukuta. Wewe ulikuwa msikitini, mimi nilikuwa chumbani. Ya kwako baba ameniambia. Anasema shehe alikuuliza mbele ya watu, kitu hiki ni nini, kinaimba? Ukasimama ukasema hakiimbi, shehe, ni chombo, kinatunza sauti anazotia mwenyewe. Anasema safu ya nyuma walicheka, mmoja akauliza kama mahari ya pili itakuwa redio, na wewe hukuinamisha kichwa. Shehe akawatazama mpaka wakanyamaza, akasema mwenye mahari ni mwanamke, tukamuulize yeye. Baba ameisimulia hiyo kila siku tangu Ijumaa, na kila siku unakuwa mrefu zaidi.

Ya kwangu huijui. Tulikuwa tumejaa chumbani, wanawake wa mtaa mzima, joto, udi, watoto chini ya miguu. Mimi kitandani, nimefunikwa uso, Bi Mwanvita amenishika mkono. Mama yako alikaa kwenye kona na vitambaa vyake mapajani, ameviweka kwenye mfuko wa zawadi, hajasema na mtu. Nilijaribu kumsoma usoni kupitia ushungi. Sikuona kitu.

Wakafika mlangoni. Pazia likatikisika. Moyo wangu ulikuwa unakwenda mwendo ambao sijawahi kuusikia kwenye mashine yoyote. Shehe akatoa salamu, tukaitika. Akaanza. "Nasrin binti Mohamedi, unaulizwa, je, umeridhia kuozwa na Twalha bin Haji, kwa mahari ya..."

Akasimama.

Nilisikia karatasi inageuzwa. "Kwa mahari ya sa... ya sam..." Akakohoa. Mtu huko nje akanong'ona jambo. Baba akasema, "Ni ile mashine, shehe," na shehe akasema, "Najua ni mashine, jina lake limefutwafutwa hapa." Nikaelewa. Karatasi ilikuwa ile ile ya kwanza, na wewe ulikata la zamani ukaandika la kweli juu yake, kwa ule mwandiko wako. Shangazi mmoja hapa ndani akasema kwa sauti ya huruma, "Jamani, asome cherehani tu yaishe." Na wengine wakasema ndiyo, ndiyo, yaishe.

Ndipo mama yako alipoinuka. Vitambaa vilianguka chini vyote. Alisimama katikati ya wanawake wa Bagamoyo, na sauti ile ile ya kunguru, Twalha, ile ile, ikapita juu ya vichwa vyetu mpaka nje ya pazia:

"Sampla, shehe! Ni sampla! Mpya, ya vitufe kumi na sita, na mwenyewe anayo mkononi! Isome kama ilivyo!"

Nje, hakuna aliyecheka. Shehe alirudia tangu mwanzo, polepole, jina langu, jina lako, jina la mahari yangu lote mpaka mwisho. Bi Mwanvita alinifinya mkono kwa nguvu kunikumbusha ninyamaze, kwamba hii ni mara ya kwanza tu.

Nilikuwa nimeshajibu.

Mkeo,
Nasrin